Pangani kwa siku moja? Laleni, mvuke mto

Ndugu yangu, umeuliza kama siku moja inatosha kuiona Pangani kwa mtu anayetokea Tanga mjini na watoto. Kwa mji wenyewe, asubuhi moja inatosha. Pa kulala ni upande wa pili wa mto Pangani, na ningesikitika sana mkirudi bila kufika huko.

Njiani simameni Tongoni, kama kilomita 17 tu kutoka Tanga. Pana magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo, nguzo nyingi zimeshaanguka. Mwaka 1498 merikebu mojawapo ya Vasco da Gama ilikwama kwenye mafungu ya hapo, ikanasuka maji yalipojaa.

Pangani mjini tembeeni kwa miguu: Boma, kisha mtaa wa India, wenye nyumba za kale za ghorofa na milango ya nakshi. Nyingine zinabomoka na inaniuma kila nikizitazama. Kwenye ukuta mmoja chokaa ilikuwa imebanduka, mawe ya matumbawe yakabaki wazi na vile vitundu vyake vidogo kama nyota. Binti yangu alipitisha kidole akaniuliza bahari imeingiaje ukutani. Wasimulieni pia habari za Abushiri: upinzani aliouongoza dhidi ya Wajerumani uliwaka hapa mwaka 1888, na hapa hapa alinyongwa Desemba 1889.

Halafu vukeni kwenda Bweni. Daraja lilikuwa linajengwa, kwa hiyo sisi tulivuka kwa pantoni pamoja na baiskeli, magunia na mama mmoja mwenye tenga la kuku. Ng'ambo ni minazi na mkonge. Kikogwe iko upande huo, mahali ulipoanzia mkonge wa nchi hii: mwaka 1893 Dkt. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu. Kutoka humo yakaja mashamba makubwa, korona, yaani viwanda vya kusindika mkonge, na manamba, vibarua walioletwa kutoka mikoa ya mbali. Babu yangu alikuwa mmoja wao, kwa hiyo ile mistari ya mkonge siwezi kuipita kama mandhari tu.

Mlale Ushongo, ufukweni, upande huo huo. Kesho yake nendeni kisiwa cha Maziwe, na hapa nisikilize vizuri. Mara ya kwanza nilikubaliana na mwenye mashua kwa simu, nikalipa, tukaenda saa tano asubuhi. Tulikuta maji matupu. Maziwe zamani kilikuwa na mivinje. Sasa ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa tu. Hata mayai ya kasa wanaotaga pale huhamishiwa ufukwe wa Ushongo yasije yakazama. Mwanangu mdogo alilia njia nzima ya kurudi.

Mara ya pili niliuliza wavuvi wawili, kila mmoja kwa wakati wake, maji yanapwa saa ngapi, ndipo nikatafuta mashua. Tulikaa mchangani kwa muda wa karibu saa tatu, watoto wakiangalia samaki kwa miwani ya kuazima. Chagueni siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maana maji hupwa sana na mchanga hujitokeza vizuri zaidi. Bebeni maji ya kunywa, kofia na kanga za kutosha, kwa sababu pale hakuna hata kivuli cha mti mmoja.