Uliza Ujibiwe: Mkanda wa jeshi, kirusi cha tisa, na kuku wa Urambo

Shikamoo daktari. Baba yangu, miaka 63, ametokwa na mkanda wa jeshi ubavuni. Majirani wanasema ukizunguka ukakutana, mtu hafiki asubuhi. Je, kaambukizwa na mjukuu aliyeugua tetekuwanga? (Msomaji, Ujiji, Kigoma)

Marahaba. Mjukuu hana hatia. Mkanda wa jeshi huletwa na kirusi cha tetekuwanga, nacho baba anacho tangu alipougua tetekuwanga mwenyewe. Vipele vilipopona, kirusi hakikutoka mwilini. Kilijificha kwenye mafundo ya neva kando ya uti wa mgongo na kukaa humo miaka mingi. Kinga ikilegea kwa uzee, VVU au dawa za saratani, kinaamka na kushuka kwa neva ileile hadi kwenye ngozi. Kila neva ina ukanda wake wa ngozi, nao hukomea katikati ya mwili. Ndiyo maana vipele hukaa upande mmoja, na hiyo habari ya kukutana haina msingi. Vikitokea pande zote mbili au sehemu nyingi, basi kinga imeshuka sana na kipimo cha VVU ni cha lazima. Kijana apimwe hata kama vipele ni vya upande mmoja.

Kinachowezekana ni kinyume cha ulivyouliza: maji ya malengelenge ya babu yanaweza kumpa tetekuwanga mtoto au mjamzito ambaye hajawahi kuugua. Vifunikeni mpaka vyote vifanye vigaga.

Dawa ni asiklovia miligramu 800, mara 5 kwa siku, kwa siku 7, ianzwe ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee. Kosa tunaloliona sana ni mtu kupewa dukani vidonge vya miligramu 200, kimoja kimoja mara 5. Hiyo ni dozi ya malengelenge ya mdomoni au sehemu za siri. Kirusi cha mkanda wa jeshi ni kigumu zaidi kwa dawa hii, kwa hiyo vidonge hivyo vimezwe vinne kwa mkupuo. Anywe maji mengi, na kama ana ugonjwa wa figo daktari apunguze dozi. Vipele vikifika kwenye kope au ncha ya pua, jicho liko hatarini: mpelekeni hospitali ya Maweni siku hiyohiyo.

Mwalimu alisema herpesi (jamii ya virusi alimo kirusi cha tetekuwanga) za binadamu ni 8, kitabu kinasema 9. Nani yuko sahihi? Na kwa nini asiklovia haizimalizi? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Tabora mjini)

Kitabu ni kipya zaidi. Herpesi ya 6 iligawanywa mwaka 2012 kuwa spishi mbili, 6A na 6B. Zote tisa zina DNA ya nyuzi mbili ndani ya ganda la pande 20, kisha tabaka la protini, kisha utando wa mafuta.

Familia ndogo ni tatu. Alfa huzaliana haraka na hujificha kwenye neva: malengelenge ya aina ya 1 na ya 2, pamoja na tetekuwanga. Beta huenda polepole na hujificha kwenye chembe nyeupe za damu. Gama hukaa kwenye limfosaiti (aina ya chembe nyeupe za damu) na baadhi huleta saratani. Epstein-Barr, kilichoonekana London mwaka 1964 katika seli za uvimbe wa mgonjwa kutoka Uganda, kimo humu. Ila usikariri tabia peke yake. Kirusi cha Marek cha kuku huleta uvimbe wa limfosaiti, kikawekwa gama. Jeni zake ziliposomwa kikahamishiwa alfa.

Kuhusu dawa: asiklovia huamshwa na kimeng'enya cha kirusi chenyewe, kisha hukata utengenezaji wa DNA. Kirusi kilicholala hakitengenezi kimeng'enya hicho wala hakinakili DNA, kwa hiyo dawa inakipita tu.

Kuku wangu chotara wa wiki 11 wanaanguka, mguu mmoja mbele, mwingine nyuma. Chanjo ya kideri walipata. Nifanyeje? (Mfugaji, Urambo, Tabora)

Kideri ni kirusi cha familia nyingine kabisa, chanjo yake haisaidii hapa. Maelezo yako yanaelekea ugonjwa wa Marek, unaoletwa na herpesi ya kuku. Pasua aliyekufa, linganisha neva nene za mapaja yote mawili: nzima ni nyeupe yenye mistari, yenye ugonjwa imevimba, kijivu, mistari imefutika. Tazama pia uvimbe kwenye ini na wengu. (Wangekuwa chini ya wiki 3 na vidole vimejikunja, tungeshuku kwanza upungufu wa vitamini B2, ambao hutibika.)

Marek haina tiba. Chanjo hudungwa siku ya kwanza, mililita 0.2 chini ya ngozi ya shingo, na huhitaji kama wiki kujenga kinga. Wengi huharibu hapo: kifaranga kilichochanjwa kinaingizwa kwenye banda la kundi lililopita, na kirusi, ambacho hutoka na magamba ya ngozi kwenye mizizi ya manyoya na kudumu miezi katika vumbi, kinatangulia kinga. Tena chanjo huzuia uvimbe, haizuii kuku kuambukizwa wala kusambaza. Kuku wakubwa wanaoonekana wazima bado ni hatari kwa vifaranga.

Kirusi hakipiti ndani ya yai, hivyo unaweza kutotoa mayai yako kwenye mashine na kulea vifaranga mbali na wakubwa. Binadamu hakimpati. Waliolemaa watoe na uwafukie, ondoa matandiko yote, futa vumbi hadi kwenye kenchi, osha kwa sabuni kabla ya kupuliza dawa. Ukipuliza juu ya vumbi, umepoteza dawa.