Maswali na Majibu: Uso, Taya na Ulimi Umri Unavyosonga

Mwanangu wa kiume ana miaka 13. Dada yake alipofika umri huo uso ulikuwa umeshakomaa, ila yeye bado ana sura ya kitoto. Kuna kasoro?

Kwa umri huo, hapana. Wasichana hutangulia kubalehe kwa takriban miaka 2, na uso hufuata mkondo huohuo. Mtoto mchanga huzaliwa na fuvu la ubongo lililo kubwa mara 8 hivi kuliko uso; kwa mtu mzima hubaki mara 2 au zaidi kidogo. Fuvu humaliza kukua mapema, mataya hukawia, na taya la chini ndilo la mwisho kabisa. Wasichana wengi taya hilo hutulia kwenye miaka 15 au 16, wavulana huendelea hadi 18 au hata 20. Hapo ndipo kidevu huchomoza, mfupa wa juu ya macho hutuna na pua hurefuka.

Usihangaike kupima uso, pima urefu. Mwekee alama ukutani kila baada ya miezi 6, kwa kuwa taya la chini hushika kasi karibu na wakati uleule mwili unaporefuka haraka. Mpeleke kwa daktari akitimiza miaka 14 na korodani hazijaanza kukua, au akiuma meno ya mbele ya chini hutangulia ya juu, au akilala kinywa wazi huku anakoroma. Hilo la mwisho wazazi hulipuuza mno. Mtoto anayepumua kwa mdomo mwaka nenda mwaka rudi, mara nyingi kwa sababu ya tezi zilizovimba nyuma ya pua, yumo hatarini uso kurefuka na kaakaa kuwa jembamba.

Ni kweli wanaume huuma kwa nguvu kuliko wanawake?

Kwa wastani, ndiyo, lakini baada ya kubalehe tu. Kabla ya hapo tofauti ni ndogo sana. Kifaa kikiwekwa kati ya magego ya upande mmoja, vipimo vingi vya wanaume vijana huangukia kati ya nyutoni (kizio cha nguvu) 500 na 700, vya wanawake kati ya 400 na 500, ingawa namba hubadilika kulingana na kifaa. Sababu ni unene wa msuli wa kutafunia, ule unaouhisi ukituna pembeni mwa taya ukikaza meno, pamoja na nyuzi zake za kasi, yaani zile zinazojikaza haraka na kwa nguvu, ambazo kwa wanaume huwa nene zaidi.

Hata hivyo, jinsia si kila kitu. Mwanamke mwenye meno yote humshinda kwa mbali mwanamume mwenye meno bandia kamili, ambaye nguvu yake huweza kushuka hadi robo ya aliyokuwa nayo. Na usipime kwa meno ya mbele: yako mbali na misuli, kwa hiyo hutoa robo au theluthi tu ya nguvu ya magego.

Mama ana miaka 74. Siku hizi hukohoa akinywa maji, ingawa mashavu yake bado yamejaa. Inawezekana ulimi umedhoofika?

Inawezekana kabisa, na mashavu hayawezi kukuonyesha. Unachokiona usoni ni mfupa, mafuta na ngozi. Ulimi ni msuli uliojificha na lazima upimwe wenyewe.

Kipimo chake ni kipira kidogo cha hewa kinachowekwa juu ya ulimi, nyuma tu ya ufizi wa meno ya mbele ya juu. Mtu hukibana kwenye kaakaa kwa nguvu zake zote kwa sekunde 2 hivi, hupumzika, kisha hurudia hadi mara 3, na inachukuliwa namba ya juu. Watu wazima vijana hufika karibu na kilopaskali (kizio cha shinikizo) 60. Baada ya miaka 60 namba huanza kushuka, na pengo dogo lililokuwapo kati ya wanaume na wanawake karibu hufutika uzeeni. Japani, ambako udhaifu wa kinywa kwa wazee huchunguzwa kwa utaratibu maalumu, chini ya kilopaskali 30 huhesabiwa kuwa udhaifu. Makosa ya kawaida wakati wa kupima ni mawili: kipira kuteleza kuelekea kooni, jambo linaloshusha namba, na mtu kuuma mrija unaounganisha kipira na mashine badala ya kutumia ulimi.

Kumeza kwa kawaida hakuhitaji nguvu zote za ulimi. Kijana ana akiba kubwa. Mzee humeza kwa nguvu ileile, ila akiba imepungua. Ndiyo maana mzee anayekula vizuri nyumbani huanza kupaliwa ghafla akishikwa na homa au akilazwa wiki moja.

Kwanza aonwe na daktari, maana kukohoa wakati wa kunywa huenda kukatokana na kiharusi kidogo au ugonjwa wa neva. Akiruhusiwa kufanya mazoezi, abane ulimi kwenye kaakaa kwa sekunde 3 na kulegeza, mara 10. Hiyo ni seti moja. Afanye seti 3, mara 3 kwa siku, siku 3 kwa wiki, kwa wiki 8. Wiki ya kwanza atumie kama asilimia 60 ya nguvu zake, kisha apande hadi 80. Akibana kilegevu kila siku hatapata kitu. Msuli hukua kwa kubebeshwa mzigo.

Nina miaka 55, hedhi imekoma, na mashavu yameanza kuporomoka. Mazoezi ya uso yanasaidia?

Kidogo, na si kwa sababu unayodhani. Katika miaka 5 ya kwanza baada ya hedhi kukoma, ngozi hupoteza hadi asilimia 30 ya kolajeni yake, protini inayoipa uimara. Juu ya hilo mafuta ya shavu hupungua na kushuka, tundu la jicho hupanuka na mfupa wa taya hupungua. Hakuna zoezi linalorudisha mfupa wala kolajeni. Linaloweza kufanyika ni kunenepesha msuli chini ya ngozi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, uliochapishwa 2018, ulionyesha mashavu kujaa kiasi baada ya wiki 20, ila waliomaliza walikuwa wanawake 16 tu na hapakuwa na kundi la kulinganisha. Tena walianza na nusu saa kila siku. Binafsi ningetanguliza kinga ya jua.

Pembe za taya langu zimetanuka. Ni chingamu?

Huenda, lakini anza kushuku kusaga meno usingizini: taya likichoka asubuhi, na meno yakiwa bapa kwenye ncha, mwone daktari wa meno akutengenezee kinga ya kuvaa usiku. Uvimbe wa upande mmoja tu, au usiotuna unapokaza meno, huenda si msuli; uchunguzwe haraka.

Baba alipong'olewa meno yote, kidevu kilisogea karibu na pua. Kwa nini?

Mfupa unaoshikilia meno huyeyuka yakiondoka, kwa kasi zaidi mwaka wa kwanza na zaidi kwenye taya la chini. Meno bandia hurudisha kimo cha uso lakini hayazuii myeyuko huo, hivyo hulegea. Yakaguliwe kila mwaka na yajazwe upya upande wa ndani yanapoanza kucheza. Asiyashikilie kwa gundi miaka yote.