Siku tatu za mwisho Istanbul na familia: sisi tulizitumia hivi

Ndugu mleta uzi, nimelisoma swali lako mara mbili. Umesema mko Istanbul wewe, mkeo, watoto wawili na mama yako mzazi. Zimebaki siku tatu, Jumapili hadi Jumanne, ndege ya kurudi Dar ni Jumanne usiku, na bado hamjafika Kapalıçarşı, lile soko kubwa lenye paa, wala kasri la Topkapı. Unataka kujua mzipangeje ili msikose kitu. Desemba ya mwaka juzi nilikuwa pale pale ulipo, na mzigo ule ule: mke wangu, watoto wa miaka 12 na 7, na mama yangu kutoka Tanga mwenye goti linalomsumbua.

Kabla ya yote, angalia siku. Jumapili Kapalıçarşı haifunguliwi. Jumanne Topkapı haifunguliwi. Ratiba yetu ilikuwa imeweka soko Jumapili na kasri Jumanne, yaani tulijipangia milango miwili iliyofungwa.

Tuligundua Jumapili asubuhi. Tumefika kwenye lango la soko karibu na msikiti wa Nuruosmaniye, baridi inauma, lango limefungwa. Soko lile lina maduka yanayokaribia 4,000, na siku hiyo hakuna hata moja. Mzee mmoja aliyekuwa amebeba sinia la chai alituona tumesimama, akasema, "Pazar, kapalı." Kwao pazar ni soko na pazar hiyo hiyo ni Jumapili, kwa hiyo ilinichukua muda kuelewa kwamba ananiambia Jumapili pamefungwa. Nikamwonyesha kwenye simu picha ya Topkapı tuliyoiweka Jumanne. Akatikisa kichwa: "Salı, kapalı." Salı ni Jumanne. Moyo ulinidunda, maana tangu tunatoka Dar mama alikuwa ameniomba kitu kimoja tu, afike Topkapı kwenye chumba cha masalia matukufu. Mimi nilikuwa nimemwekea siku ya mwisho nikidhani ndiyo heshima. Laiti soko lingekuwa wazi asubuhi ile, mama angerudi Tanga bila kukiona.

Kwa hiyo nakusihi: kile ambacho mzazi wako amekiomba kwa mdomo wake, kifanye kesho. Siku ya mwisho ina mvua, ina foleni, ina mtoto kuamka na homa.

Jambo la pili ni mwanga. Saa za Uturuki ni sawa na zetu kabisa, huhitaji kugeuza saa, lakini jua la Desemba linachomoza saa mbili na dakika zake asubuhi na kuzama saa kumi na moja na nusu jioni. Sisi tuliozoea saa kumi na mbili za mchana tunapanga mambo manne kwa siku, tunashangaa giza limeingia tumefanya mawili na watoto wamechoka. Panga jambo moja kubwa kwa siku.

Basi Jumapili ile tukaacha habari ya soko kubwa. Tukapanda tramu ya T1 hapo Beyazıt mpaka Eminönü (usimshushe mama kwa miguu, mteremko ule ni mbaya kuliko ngazi), tukaingia Mısır Çarşısı, soko la viungo, ambalo Jumapili linafunguliwa. Hapo mama alibadilika. Siku zote alikuwa akitufuata tu, sasa akawa yeye ndiye wa mbele. Alifika kwenye kilima cha karafuu, akachukua moja, akaibana kichwani kwa ukucha wa kidole gumba aone kama mafuta yanatoka, akainusa. Akasema taratibu, "Hizi zimekaa." Muuzaji akamwambia, "Karanfil." Mama akamjibu, "Karafuu." Wakatazamana. Kijana akacheka kwa furaha, akamvutia kigoda, akaagiza chai katika bilauri zile ndogo zilizobanwa kiunoni, huku akimwambia mwenzake, "Misafir, misafir." Mama akaitikia, "Ee, mwanangu, msafiri." Nilikuja kujua baadaye kwamba misafir kwao ni mgeni. Wakakaa pale kama nusu saa, mama akitaja kitabu, dunia, saa, kahawa, kijana naye akimjibu kitap, dünya, saat, kahve, na mwanangu mkubwa akiandika yote kwenye daftari. Nimelipia viingilio vingi kwenye safari ile, ila hakuna kilichompa mama yangu furaha kama kigoda kile.

Kutoka hapo unavuka barabara unafika gatini. Meli za abiria za kwenda Üsküdar na Kadıköy, upande wa Asia, zinapishana siku nzima, safari ni kama dakika ishirini, na nauli unalipa kwa İstanbulkart ile ile ya tramu. Sisi tulipitisha kadi moja kwa familia nzima. Ni kama pantoni la Kigamboni kwa maana ya kwamba wenyeji wanarudi nalo nyumbani, wengine wamesinzia. Watoto walinunua simit, mikate ya duara yenye ufuta, wakatoka nje kwenye reli, wakawa wanavunja vipande wanarusha juu. Shakwe wanakuja usawa wa uso, jicho la njano linakutazama, kipande kinadakwa kabla hakijaanza kushuka. Yule mdogo alikuwa na miaka 7 na hakuwa amesema neno la furaha tangu tulipotembelea msikiti wa Ayasofya. Siku ile tulishindwa kumnyamazisha.

Upande wa Üsküdar chukueni teksi fupi hadi Salacak, mkae kwenye ngazi za ufukweni zinazotazama Kız Kulesi, ule mnara mdogo uliosimama majini. Jua linazama nyuma ya mji mkongwe, na minara yote mliyoizunguka wiki nzima mnaiona mara moja ng'ambo ya maji: Ayasofya, Msikiti wa Bluu na minara yake sita, mapaa ya Topkapı. Mama alihesabu kwa kidole kimoja kimoja. Akasema, "Kwa hiyo nimelala Ulaya, chai ya jioni nakunywa Asia." Vaeni vizuri, upepo wa pale hauna huruma. Kurudi tulipanda Marmaray, treni inayopita chini ya bahari tangu mwaka 2013, ukishuka Sirkeci kuna ngazi za umeme ndefu sana lakini mtu mzima hapandi kwa miguu.

Jumatatu ilikuwa ya Topkapı peke yake. Nendeni linapofunguliwa, na msianze na vito. Nendeni moja kwa moja kwenye chumba cha masalia kabla makundi ya watalii hayajajaa. Kuna panga, kuna nyayo, kuna sanduku linalohifadhi joho linalonasibishwa na Mtume, na kuna msomaji ameketi anasoma Kurani. Usomaji ule haukatizwi, wasomaji hupokezana usiku na mchana. Mama alisimama pembeni ya ukuta, mkono kwenye goti, akasikiliza muda mrefu. Sikumharakisha. Watoto walitoka na mama yao kwenda kutazama bahari uani, na hilo pia lilipangwa, maana mtoto wa miaka 7 hawezi kusimama hivyo. Gawaneni.

Kapalıçarşı tuliingia Jumatatu alasiri kwa saa moja na ushee, tukanunua bilauri za chai na shali mbili. Ilitosha kabisa.

Jumatatu usiku fungeni mabegi na mpime uzito. Lokum na baklava, vitamutamu vya kule, ni nzito kuliko unavyodhani, na kupunguza mizigo sakafuni uwanja wa ndege mbele ya watu ni adha. Ukiwa na fomu za kurudishiwa kodi, mhuri wa forodha upatikane kabla hujakabidhi begi. Uwanja wenyewe uko mbali, zaidi ya kilomita 40 kutoka Sultanahmet, na foleni ikichanganyika na mvua huwezi kuikisia. Ndege yetu ilikuwa ya saa mbili usiku, tuliondoka hotelini saa tisa alasiri na sikujuta.

Sasa Jumanne asubuhi. Nilikuwa na orodha: mnara wa Galata, kasri la Dolmabahçe, na lile birika la kale la kuhifadhia maji chini ya ardhi, lenye nguzo 336. Mke wangu akanishika mkono akasema, muulize mama. Nikamuuliza. Akasema anataka kurudi kwenye ile meli. Basi tukaacha mabegi mapokezi, tukapanda meli ya Üsküdar, tukafika, tukanywa chai, tukarudi. Hatukupiga picha hata tano. Mkubwa alikaa karibu na bibi yake akimsomea maneno ya Kituruki kutoka kwenye daftari, na bibi akimsahihisha yale yanayofanana na yetu.

Birika sijaliona mpaka leo, nami sina kinyongo nalo.

Kwa hiyo kwako: Jumapili viungo na meli, Jumatatu Topkapı asubuhi na soko alasiri, Jumanne muulize mama. Simit nunueni kabla ya kupanda meli, moja moja kwa kila mtu na mbili za ziada, maana watoto watawapa shakwe zao zote kisha watataka ya kwako.