Chupa yenye gololi shingoni

Umeuliza kama chupa ya kioo uliyoichimbua kwenye msingi wa nyumba ni ya dawa, na ina umri gani. Si ya dawa, ndugu yangu, ni chupa ya soda. Na gololi inayogongagonga humo ndani haikuingia kwa bahati mbaya, ndiyo kizibo chenyewe! Mwingereza Hiram Codd aliibuni miaka ya 1870. Gesi ya soda iliisukuma gololi juu ikabana kwenye pete ya mpira mdomoni. Mnywaji aliibonyeza ndani, psss, tayari.

Pitisha kidole shingoni, utagusa mibonyeo miwili. Gololi hukaa hapo unapomimina. Ukiinamisha upande usio wake inarudi kuziba, utabaki na kiu yako.

Kuhusu umri, soma maandishi yaliyochomoza kwenye kioo. Jina la kiwanda na mji vitakusaidia kuliko rangi. Ila usiiuze kwa bei ya mbinguni kabla hujahakikisha, maana India na Japani bado wanauza soda za gololi hadi leo.

Loweka kwa maji ya sabuni, usisugue kwa mchanga. Na ifiche, watoto wasiione. Za zamani nyingi zilivunjwa na watoto waliotaka gololi tu.