Sura ya tatu haianzi na hojaji

Wadogo zangu mnaoanza tasnifu za elimu, hapa Dar wengi tunakosea palepale, kwenye sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti: leo umepata mada, kesho uko stationari unatoa kopi za hojaji. Mimi nilifanya hivyo. Mada yangu ilihusu ushiriki wa wazazi katika masomo ya watoto, shule za msingi za Temeke. Nikashika fomula ya Yamane, ya kukokotoa idadi ya watu wa kuhoji: wazazi 1,000, kosa la asilimia 5, jibu 286. Nikafurahi. Msimamizi wangu akaniuliza, "Unataka kujua ni wangapi wanashiriki, au kwa nini hawashiriki?" Nikajibu, kwa nini. "Sasa hao 286 wa nini?"

Swali la "wangapi" au "kwa kiasi gani" ndilo linalodai takwimu: sampuli kubwa iliyopatikana kwa bahati nasibu, hojaji, programu ya takwimu ya SPSS. Swali la "kwa nini" linakutaka ukae na watu wachache, uliowachagua kwa makusudi, mzungumze mpaka majibu yaanze kujirudia. Huko Yamane hana kazi, wala jedwali la Krejcie na Morgan la 1970, nalo la ukubwa wa sampuli.

Jaribio la awali msiliruke, nawasihi. Nilikwenda Mbagala na mwongozo wa mahojiano niliokuwa nimeutafsiri kutoka Kiingereza usiku mmoja. Swali la kwanza: "Unashiriki vipi katika maendeleo ya elimu ya mwanao?" Mama mmoja muuza chapati akainamisha uso. "Mwalimu, ile hela ya mlinzi nitaleta Ijumaa."

Kwake kushiriki ni kuchanga. Elimu bila malipo ilikuwa imeanza tangu 2016, lakini neno lile bado lilimkumbusha michango. Tena aliniita mwalimu, maana yake alidhani nimetumwa na shule. Nikamweleza upya mimi ni nani, kwamba ana hiari ya kukataa, kisha nikamuuliza: "Jana mtoto aliporudi, mliongea nini kuhusu shule?" Alizungumza karibu saa nzima, huku akigeuza chapati.

Huo ndio uhalali wa zana: swali lipime kile ulichokusudia. Alfa ya Cronbach isingelinasa kosa lile hata ingefika 0.9, kwa sababu inapima kama vipengele vya hojaji vinakwenda pamoja. Wazazi wote wangeweza kujibu kuhusu michango, na alfa ikatoka nzuri kabisa.

Kibali kianze mapema: barua ya chuo, ofisi ya mkoa, wilaya na manispaa, ndipo mwalimu mkuu. Kila meza ina siku zake. Septemba msiende kusumbua darasa la saba, ni mwezi wao wa mtihani.

Katika kuandika, acheni kujaza kurasa kwa maana za "sampuli" na "usanifu wa utafiti". Mtahini anazijua. Anachotafuta ni "kwa sababu" baada ya kila uamuzi: kwa nini Temeke, kwa nini wazazi hawa, kwa nini mahojiano. Na ukibadilisha kitu uwandani, kiandike siku hiyohiyo, na tarehe yake. Swali la yule mama nililiandika upya ndani ya daladala nikirudi. Siku ya utetezi, jambo la kwanza kuulizwa lilikuwa kwa nini mwongozo wangu umetofautiana na ule wa kwenye pendekezo la utafiti. Nikafungua daftari.