Ultrasaundi imesema 4A, kwa nini daktari bado anataka kinyama?

Dada uliyeuliza kutoka Nansio, umeeleza kwamba mdogo wako ana miaka 26, kwamba uvimbe wa titi lake umepimwa kwa ultrasaundi na ripoti ikaandika BI-RADS 4A (BI-RADS ni mfumo wa madaraja unaokadiria kwa picha uwezekano wa saratani ya titi), kwamba daktari ameagiza kinyama, yaani kuchukua sehemu ndogo ya uvimbe kwa sindano ili ipimwe maabara, na kwamba ndugu wanamkataza kwa kuwa sindano "itauamsha" uvimbe. Nimefanya kazi kwa miaka mingi katika chumba cha ultrasaundi hapa Mwanza, na hofu hiyo nimeisikia kwa akina mama wengi wanaokuja kwa meli kutoka Ukerewe au kwa mabasi ya Geita na Sengerema, kwa hiyo naomba nikujibu kwa kirefu.

Ultrasaundi huonyesha umbo la uvimbe, lakini haioni seli. Uvimbe wenye umbo la yai, uliolala sambamba na ngozi na wenye kingo safi, mara nyingi si saratani. Ule wenye kingo zilizochongoka, uliosimama wima kuliko upana wake na unaoacha kivuli nyuma yake, hututia wasiwasi mkubwa. Kifuko cha maji matupu hutambulika kwa ultrasaundi pekee na hakihitaji kinyama. Daraja la 4A lina maana kwamba uwezekano wa saratani umezidi asilimia 2 lakini hauzidi asilimia 10, ilhali 4B hufika asilimia 50, 4C hukaribia asilimia 95, na daraja la 5 ni asilimia 95 na zaidi. Kwa hiyo mdogo wako ana kila sababu ya kutumaini mema. Hata hivyo, zipo saratani, hasa zile zisizo na vipokezi vya homoni wala HER2 (protini za seli za saratani zinazosaidia kuchagua dawa), ambazo huweza kuonekana za mviringo na zenye kingo safi kama fibroadenoma, yaani uvimbe wa titi usio saratani, nazo huwapata wanawake vijana pia. Ndiyo maana daktari hakuridhika na picha.

Kuhusu kuamka: sindano haigeuzi uvimbe kuwa saratani. Uvimbe uliothibitishwa kuwa saratani baada ya kinyama ulikuwa saratani kabla ya sindano, na nimeshuhudia wanawake wakirudi na kidonda titini kwa sababu walishauriwa kusubiri. Hilo linaniuma hadi leo.

Jambo ninalotaka ulishike zaidi ni hili: majibu ya kinyama hayasomwi peke yake. Lazima yalinganishwe na picha. Namkumbuka mama mmoja, mfanyabiashara wa dagaa, ambaye picha yake ilikuwa ya daraja la 5 bila shaka yoyote, lakini patholojia, yaani maabara inayochunguza nyama kwa darubini, ikajibu kwamba hapakuwa na seli za saratani, bali nyuzinyuzi tu. Familia ilifurahi na ilitaka kuondoka. Daktari wa mionzi na mwanapatholojia walikaa pamoja, wakakubaliana kwamba jibu lile halikuweza kueleza uvimbe wa namna ile, na kwamba huenda sindano ilichukua nyama ya pembeni; kinyama kikarudiwa kwa kuongozwa na ultrasaundi, na saratani ikaonekana.

Kinyume chake nacho hutokea. Mama aliyekuwa ameacha kunyonyesha muda si mrefu alikuja na uvimbe usio na umbo maalumu, wenye kivuli, na tezi za kwapani zimevimba, hata kila aliyeiona picha akafikiria saratani. Kinyama kilionyesha kifua kikuu cha titi, akatibiwa kwa dawa na titi likabaki. Kama angepelekwa kukatwa kwa kutegemea picha tu, angelipoteza bure.

Ulizia pia aina ya sindano. Sindano nyembamba hunyonya seli chache, nayo haiwezi kuonyesha kama saratani imekwisha kupenya nje ya mirija ya titi. Sindano nene, inayochomwa baada ya ganzi, hutoa kipande cha nyama kinachotosha hata kupima vipokezi vya estrojeni, projesteroni na HER2 iwapo vitahitajika. Kipande hicho kiwekwe mapema kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi nyama, maana kikikaa bila kuhifadhiwa huharibika, na vipimo vya vipokezi huweza kutoa majibu ya uongo.

Majibu yakisema fibroadenoma na picha ikakubali, kwa kawaida ataombwa kurudi kwa ultrasaundi baada ya miezi 6 hivi ili kuangalia kama uvimbe umekua. Yakisema tu "tishu ya kawaida ya titi", msiridhike: muulizeni daktari kama sindano ilifika ndani ya uvimbe wenyewe. Siku ya kwenda aichukue ripoti ya ultrasaundi pamoja na picha zake, kwani humo mmeandikwa ukubwa wa uvimbe, mahali ulipo titini kwa kufuata namba za uso wa saa, na umbali wake kutoka kwenye chuchu. Bila hayo, mwanapatholojia na daktari hawana cha kulinganisha.