Mchoraji akipanga maonyesho mwenyewe
Dada, umeuliza kama mchoraji anaweza pia kusimamia maonyesho ya wenzake. Anaweza, ila kazi zake zichaguliwe na mtu mwingine; ukijichagulia, ukuta wenye mwanga mzuri wote utakuwa wako, usibishe! Kwa michoro ya mkaa hapa Mtwara, adui ni unyevu wa bahari. Kioo cha fremu kisigusane na karatasi: weka ukingo wa kadibodi isiyo na asidi kati ya hivyo viwili, la sivyo ukungu utaanzia pembeni na mkaa utagandia kwenye kioo. Katikati ya picha iwe kama sentimita 150 kutoka sakafuni. Vinyago vya Kimakonde navyo viingie chumba hichohicho. Hata George Lilanga, msanii wa huku kusini, alichonga kwanza, uchoraji wa rangi ukafuata.